"Mjomba, wewe huendi kazini?"

Shikamoo mama,

Nakuandikia saa nane usiku, na saa yenyewe ni sehemu ya tatizo langu.

Nina miaka 26. Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka juzi. Tangu siku ya kuvaa joho nimepata mkataba mmoja tu, wa miezi minne, kwenye ghala la bidhaa. Ulipoisha wakaniambia watanipigia. Hawajapiga.

Naishi Mbagala kwa dada yangu na mume wake. Dada anauza vitenge Kariakoo, anatoka kabla hakujapambazuka. Shemeji ni dereva wa lori, na akiwa hayuko safarini anaondoka nyumbani kwenye saa tatu au saa nne. Sijawahi kusikia neno baya kutoka kwake, nisimsingizie. Mimi mwenyewe ndiye naona aibu kukutana naye asubuhi nikiwa sina pa kwenda. Kwa hiyo najifungia kwenye chumba changu cha uani mpaka nisikie geti limefungwa. Nikishachelewa hivyo, nalala tena hadi mchana.

Usiku ndipo naishi. Bando la usiku ni rahisi, basi ikigonga saa sita naingia mtandaoni. Naanza na Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, nahamia kwenye makundi ya ajira ya WhatsApp, halafu najikuta naangalia video mpaka adhana ya alfajiri. Ili nisisinzie nakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Chakula nakula mara moja, jioni, dada akirudi. Kichwa kinaniuma karibu kila siku, nameza diklofenaki ya dukani. Siku hizi tumbo nalo linawaka.

Mwezi wa tatu niliitwa Dodoma kwenye usaili wa mchujo wa serikali. Nilipanda basi la usiku, nikasoma njia nzima kwa mwanga wa simu. Asubuhi karatasi ikawekwa mbele yangu, na swali la kwanza lilikuwa usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mama, hilo ni somo nililokuwa nawafundisha wenzangu chuoni. Nikaliangalia kama sijawahi kuliona maishani. Jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliofaulu.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa darasa la kwanza alirudi shule akanikuta natoka kuoga, saa saba mchana. Akaniuliza, "Mjomba, wewe huendi kazini?" Nikacheka naye. Nilipoingia chumbani nikalia. Kuna asubuhi natamani nisiamke tu.

Rafiki yangu aliyeajiriwa ananishauri niamke mapema, nifanye mazoezi, nile matunda. Namheshimu, lakini naona hayo ni mambo ya mtu mwenye mshahara. Niamke saa kumi na mbili niende wapi? Au ndiyo kusema mimi ni mvivu tu na sitaki kukubali?

Nisikufiche na hili: kila siku naweka mkeka wa kubeti wa elfu moja. Dada ananipa elfu kumi kwa wiki.

Mwanao, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole, na ahsante kwa kuniamini na mambo ambayo hata dada yako hajayasikia.

Naanza na sentensi uliyoipitisha haraka, ile ya kutamani usiamke. Wapo wanaoisema kwa kuchoka, na wapo wanaoisema kwa sababu wamekwisha kufikiria kufa. Kama wewe ni wa kundi la pili, hata kwa mbali, barua yangu iweke pembeni kwanza. Mwamshe dada yako leo hii, umwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, mwende hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke haiko mbali nanyi, na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Hata kama ni kuchoka tu, mtu akikaa wiki mbili na zaidi akiwa na huzuni karibu kila siku, usingizi umevurugika, hamu ya chakula imekwisha na vitu alivyovipenda havimfurahishi tena, huenda hiyo ni sonona. Sonona ni ugonjwa, na una matibabu. Nakuomba uende ukaonwe. Haya mengine ninayoyaandika yatakusaidia zaidi ukiwa umeonwa.

Sasa swali lako la uvivu. Nikusimulie jambo lililotokea mbali na kwetu.

Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal. Takriban kila nyumba pale ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa, kijiji kizima kikabaki bila kazi. Watafiti akiwemo dada mmoja kijana, Marie Jahoda, wakaenda kuchunguza maisha ya watu hao yanakwendaje, na mwaka 1933 wakachapisha waliyoyaona. Ungedhani mtu akikosa kazi atapata muda wa kusoma, kwa kuwa anazo saa tele. Maktaba ya kijiji ilikuwa bure, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu. Watafiti wakakaa dirishani wakawapima watu mwendo barabarani. Wanaume walitembea polepole, wakisimama mara kwa mara njiani. Wengi wao hawakuwa wakitembea hata na saa. Wanawake walikwenda haraka zaidi, maana nyumba ilikuwa bado inawadai: maji, kuni, watoto, chakula.

Wale wanaume walikuwa wamezoea kazi ya kiwanda, hawakuwa wavivu. Kilichowapotea pamoja na mshahara ni ile kengele iliyoigawa siku yao. Kazi humpa mtu fedha, lakini pia humpa saa ya kuamka, watu wa kukutana nao, na kitu ambacho asipokifanya mwingine ataona pengo. Vikiondoka vyote kwa pamoja, siku inakuwa kama uji uliomwagika, huwezi kuushika popote. Ndipo ulipo wewe, na wala hukupafikia kwa uvivu.

Kwa hiyo rafiki yako hakukosea, ila alianzia mwisho. Kukwambia uamke saa kumi na mbili ukakimbie peke yako Mbagala nzima ni kukupa amri bila sababu, na amri ya namna hiyo hudumu siku tatu. Unahitaji kitu kinachokudai asubuhi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikikitafuta, na nadhani umekitaja mwenyewe bila kujua: huyo mpwa wako.

Dada anatoka alfajiri, shemeji ana safari zake. Sasa mtoto wa darasa la kwanza anakwenda shule na nani? Kama nyumba nyingi za Dar, nabahatisha kwamba analipiwa bajaji au bodaboda kwa mwezi, au anafuatana na watoto wa jirani. Mwambie dada yako: kuanzia Jumatatu mtoto nampeleka mimi. Kama shule ni mwendo wa kutembea, mshike mkono mwende kwa miguu. Tuseme ni dakika 20 kwenda na 20 kurudi. Kwa siku tano hizo ni dakika 200. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Utakaporudi peke yako, kaza mwendo. Hutahitaji raba za bei mbaya wala gym.

Angalia mambo mangapi yanajipanga yenyewe hapo. Ili mtoto afike shule saa moja na nusu, wewe lazima uwe macho saa kumi na mbili. Jua la asubuhi litakupiga usoni, na huo mwanga ndio unaoirekebisha saa ya mwili iliyopinduka. Shemeji atakukuta uani umevaa, unamfunga mtoto kamba za viatu. Nauli ya bajaji, kama ipo, itabaki ndani ya nyumba, na huo utakuwa mchango wako kabla hujapata hata shilingi. Na yule mtoto hatakuuliza tena swali lile, kwa sababu atakuwa anajua asubuhi mjomba anakwenda wapi.

Siku za mwanzo utateseka. Utarudi saa mbili macho yanauma, na kitanda kitakuita. Usikikubalie. Ukishindwa kabisa, pumzika mchana kwa nusu saa, uweke kengele. Baada ya wiki moja au mbili usiku utaanza kukuchosha wenyewe, kama unavyowachosha watu wengine.

Ila hilo haliwezekani bando la usiku likibaki. Najua kwa nini ulilichagua, mtu mwenye elfu kumi kwa wiki anahesabu kila kitu. Hebu tuhesabu pamoja. Kufungua Ajira Portal, kusoma tangazo na kutuma barua pepe kunakula data kidogo sana. Zinazomaliza bando ni video. Bando dogo la mchana linakutosha kwa kazi yote ya kutafuta kazi. Lile la usiku ni la bei rahisi kwenye simu, lakini ndilo limekuuzia kichwa kinachouma, vinywaji vya kuongeza nguvu na asubuhi zako zote. Nadhani hata Dodoma ulishindwa kwa sababu ya kukosa usingizi. Somo la benki ulilijua. Huenda kichwa ambacho hakijalala ndicho kilichoshindwa kulitoa. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, na usingizi uliopotea kwa wiki nyingi haurudi wote kwa usiku mmoja kabla ya usaili. Kwa hiyo saa nne usiku simu iende kwenye chaji, na chaji iwe sebuleni. Usiiache chini ya mto.

Tumbo lako limenitia wasiwasi. Diklofenaki na dawa za jamii yake, ukizimeza mara kwa mara, tena bila chakula, zinaweza kuchubua tumbo hadi litoe damu. Ziache leo. Watu wetu wakisikia tumbo linawaka husema ni mawazo. Lakini vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa vinaletwa na hizo dawa za maumivu au na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, ambaye anapimwa na kutibiwa. Nenda kituo cha afya ukapime, usinunue dawa nyingine kwa kukisia. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri hata saa moja.

Na ule asubuhi. Najua unalikwepa sufuria la chai kwa sababu ya aibu, ila sikia: dada yako hahesabu vikombe, anahesabu ni siku ngapi hajakuona ukicheka. Wala sikuagizi chakula cha matangazo. Kiporo cha wali na maharage ni kifungua kinywa kizuri kikipashwa vizuri. Uji, muhogo wa kuchemsha, ndizi. Jioni ugali na dagaa na mchicha au tembele, vyakula ambavyo mfuko wa Mbagala unavimudu na mwili unavishukuru. Kinywaji cha kuongeza nguvu ni sukari na kafeini. Kinakukopesha saa mbili, halafu usiku kinakuja kudai. Kunywa maji.

Mkeka nauongea kwa ukali, univumilie. Elfu moja kwa siku ni elfu saba kati ya elfu kumi anazokupa dada yako, jasho la vitenge vya Kariakoo. Wewe ni mhasibu. Hesabu hiyo angeileta mteja ungemwambiaje? Kwa mwezi ni elfu thelathini. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Umekuwa ukiichana tiketi yako ya usaili kila mwezi, kipande kimoja kwa siku. Na usitafute mkeka wa mwisho wa kurudisha zilizopotea, hakuna mkeka wa namna hiyo. Futa programu. Mwombe dada elfu tano akutunzie kila wiki kwa ajili ya safari, kwa maana matangazo ya kuitwa usaili huandika wazi kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Utakapoitwa tena, uende siku moja kabla, mchana, ulale Dodoma usiku mzima.

Saa za kutafuta kazi ziwe tatu, kutoka saa tatu hadi saa sita, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha funga. Najua itakushangaza. Mtu anayetafuta kazi kutwa na usiku kucha mara nyingi anazunguka tu, anasoma tangazo lilelile kwenye makundi kumi, na moyo unamwenda mbio kila simu inapolia. Uwe na daftari: tarehe, mwajiri, nafasi, ulichotuma, lini utaulizia. Kagua Ajira Portal mara moja asubuhi. Hakikisha majina kwenye vyeti vyako vyote na kitambulisho cha taifa (NIDA) yanafanana, maana nimeona vijana wenye alama nzuri wakirudishwa mlangoni kwa herufi moja. Jiandikishe pia kwenye huduma za ajira za serikali, TaESA, wana mpango wa kuwapeleka wahitimu makazini wapate uzoefu. Na yeyote anayekuomba fedha ili akuunganishe na kazi, hata akikuonyesha barua yenye mhuri, ni tapeli.

Mchana ndipo penye utamu, na hapa nataka unisikilize vizuri. Kwenye mtaa wako hakosekani mama aliye kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, na vikoba vingi vinagombana kwa sababu ya daftari. Hisa zimeandikwa hapa, mikopo pale, faini hazijulikani ziko wapi. Mwombe dada akupeleke kwa wenzake, useme utawatunzia vitabu kwa miezi mitatu. Vivyo hivyo kwa mwenye duka la jirani. Mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu za mauzo hukadiriwa kodi tofauti na asiyetunza, na wengi hawajui. Watakulipa kidogo, au hawatakulipa mwanzoni, lakini utakuwa unasuluhisha hesabu halisi kila wiki, mikono haitasahau. Utapata watu wa kuongea nao ambao hawakuulizi "umepata?" Na siku ukiulizwa kwenye usaili umekuwa ukifanya nini miaka hii miwili, utakuwa na jibu lenye takwimu ndani yake. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili miaka mingi. Kijana anayesema "nilikuwa nasubiri" na kijana anayesema "nilisimamia vitabu vya kikundi cha akina mama 25" hatuwaandiki alama sawa.

Limebaki moja, zungumza na shemeji. Usingoje kikao. Siku yuko nyumbani, keti naye uani, umwamkie, umweleze: nimetuma maombi haya, nimeanza kumpeleka mtoto shule, natunza vitabu vya kikundi fulani. Dakika tano zinatosha. Tena dereva wa lori anaingia kwenye maghala na kampuni za usafirishaji ambako kuna wahasibu, makarani wa stoo, watu wa mizani. Huenda miezi yote hii umekuwa ukimkimbia mtu anayefahamiana na nusu ya waajiri unaowatafuta usiku mtandaoni.

Ukikosa siku moja, ukalala hadi saa nne, usiitupe wiki nzima. Mtoto kesho yake ana shule.

Niandikie baada ya wiki tatu. Uniambie daktari amesema nini kuhusu tumbo na kuhusu ile sentensi, na kama huyo mpwa wako anafika shule kabla ya kengele.